Mafuta ya kupima: namba ya iodini inakuambia nini kuhusu mafuta ya mtoto wako?

Ukiishi Kilosa au Mikumi, huenda unapata mafuta ya kupikia kwa njia moja kati ya hizi tatu. Unapeleka chupa yako dukani na kupimiwa kutoka kwenye dumu. Unanunua chupa iliyofungwa yenye kibandiko. Au unapeleka alizeti au ufuta wako mashineni na kurudi na mafuta yaliyokamuliwa ukiwa unaona. Njia zote tatu zinaleta swali moja nyumbani: je, mafuta haya ni mazuri kwa mtoto?

Halafu kijana wako anayesoma anarudi likizo. Anasema wamepima mafuta maabarani, ya alizeti yakapata 130 na ya nazi yakapata 8, na kwamba namba kubwa ndiyo nzuri. Unaanza kujiuliza kama umekuwa ukimlisha mdogo wake vibaya miaka yote hii.

Usiwe na hofu. Kijana wako amejifunza jambo la kweli, lakini amelieleza nusu. Makala haya yanaeleza namba hiyo hupatikanaje, inasema nini, haisemi nini, na wewe mama au mlezi ufanye nini jikoni.

Kwa ufupi

- Namba ya iodini huonyesha mafuta "hayajashiba" kiasi gani. Mafuta yasiyoshiba, kama ya alizeti na ufuta, ni mazuri kwa moyo na mwili wa mtoto unayahitaji.
- Mafuta hayo hayo ndiyo yanayoharibika upesi kwa hewa, mwanga na moto. Namna unavyoyatunza ina uzito sawa na aina unayochagua.
- Namba ya iodini haimaanishi kuwa mafuta yana madini joto. Madini joto yanatoka kwenye chumvi.
- Mtoto wa miezi 6 na kuendelea anahitaji mafuta kidogo katika chakula chake kila siku. Usimnyime.

Mafuta yaliyoshiba na yasiyoshiba ni nini?

Mafuta yote ya kula yametengenezwa kwa minyororo midogo sana ya kaboni, ambayo huitwa asidi za mafuta. Kila kaboni kwenye mnyororo inaweza kushika chembe za haidrojeni. Mnyororo ulioshika haidrojeni yote unayoweza kubeba huitwa ulioshiba, kama mtu aliyekula akatosheka. Mnyororo ambao bado una nafasi huitwa usioshiba. Mahali penye nafasi hiyo, kaboni mbili hushikana kwa nguvu mara mbili, na wanakemia hupaita kifungo maradufu.

Fikiria mzigo wa kuni. Kuni zilizonyooka hulala pamoja na kufungika vizuri. Kuni zilizopinda huacha mianya, na mzigo unakuwa legelege. Minyororo iliyoshiba imenyooka, kwa hiyo hulala karibu karibu na mafuta huganda. Minyororo isiyoshiba huwa imepinda pale penye kifungo maradufu, kwa hiyo hailali vizuri na mafuta hubaki ya maji.

Jambo hili umeshaliona jikoni. Mafuta ya ng'ombe huganda sufuria ikipoa. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, mafuta mengine hufanya ukungu au huganda kwenye chupa, hasa yale ya mawese, huku ya alizeti yakibaki maji. Mafuta yaliyoganda kwa baridi hayajaharibika. Sehemu yake iliyoshiba ndiyo imejikusanya, na yakipata joto yatarudi kuwa maji.

Maabarani wanapimaje?

Katika shule za sekondari, mwanafunzi wa kemia hujifunza njia rahisi kwa kutumia maji ya bromini. Maji hayo yana rangi ya kahawia inayoelekea njano. Yakitikiswa pamoja na kitu chenye vifungo maradufu, bromini huingia kwenye nafasi zilizo wazi na rangi hupotea. Rangi ikibaki, hakuna nafasi. Njia hii husema "zipo" au "hazipo", lakini haisemi ni ngapi.

Ili kujua ni ngapi, wanafunzi wa sayansi ya chakula hupima namba ya iodini. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1884 na Arthur von Hübl. Mwaka 1898, Wijs wa Uholanzi alitengeneza njia ya haraka zaidi, ambayo ndiyo inayotumika sana mpaka leo. Inakwenda hivi:

1. Mwanafunzi hupima mafuta kidogo sana, mathalani gramu 0.20, na kuyayeyusha kwenye chupa yenye kizibo.
2. Huongeza dawa ya Wijs, yenye iodini na klorini ndani ya asidi kali ya siki. Kiasi chake kinajulikana na ni kikubwa kuliko kinachohitajika.
3. Chupa huwekwa gizani kwa muda wa kama saa moja. Humo ndani, dawa inaingia kwenye vifungo maradufu vya mafuta.
4. Mwanafunzi hutafuta ni dawa kiasi gani imebaki. Huongeza iodaidi ya potasiamu na maji, kisha hudondosha sodiamu thiosalfeti tone kwa tone kutoka kwenye bomba lenye vipimo liitwalo bureti.
5. Rangi ikikaribia kuisha, huongeza maji ya wanga. Wanga ukikutana na iodini hugeuka buluu nzito, kama ugali unavyogeuka ukidondoshewa iodini katika somo la sayansi. Buluu inapopotea, iodini imekwisha, na mwanafunzi anasoma bureti.
6. Hufanya kazi ile ile kwenye chupa nyingine isiyo na mafuta. Tofauti ya chupa hizo mbili ndiyo iodini iliyoliwa na mafuta.

Tuchukue mfano. Chupa isiyo na mafuta imetumia mililita 48.0 za thiosalfeti yenye nguvu ya 0.1. Chupa yenye gramu 0.20 za mafuta ya alizeti imetumia mililita 27.5. Tofauti ni 20.5. Mwanafunzi huzidisha 12.69 kwa 0.1 kwa 20.5, kisha hugawa kwa 0.20. Anapata 130. Maana yake, gramu 100 za mafuta hayo zinaweza kupokea gramu 130 za iodini.

Tafadhali usijaribu kipimo hiki nyumbani, wala usimruhusu mtoto kuleta dawa za maabara. Dawa ya Wijs na bromini huunguza ngozi, macho na mapafu. Na mafuta yaliyotumika katika kipimo hayaliwi tena.

Namba za mafuta tunayoyajua

Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, vinavyosimamiwa na FAO na WHO, vinataja namba ya iodini ya kila aina ya mafuta. Hizi ni baadhi, zikiwa zimekadiriwa kwa namba kamili:

- Mafuta ya nazi: 6 hadi 11
- Mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi: 14 hadi 21
- Mafuta ya ng'ombe: 40 hadi 53
- Mafuta ya mawese: 50 hadi 55
- Mafuta ya karanga: 77 hadi 107
- Mafuta ya pamba: 100 hadi 123
- Mafuta ya ufuta: 104 hadi 120
- Mafuta ya alizeti ya kawaida: 118 hadi 141
- Mafuta ya soya: 124 hadi 139

Kwa hiyo kijana wako hakukosea namba. Alizeti na ufuta, mazao yanayolimwa hapa hapa Kilosa, yako juu kwenye orodha hii.

Namba hizi pia husaidia kukamata udanganyifu. Mtu akichanganya nusu mafuta ya alizeti yenye 130 na nusu ya mawese yenye 52, mchanganyiko utapata 91. Hiyo iko chini ya kiwango cha alizeti. Chupa inaweza kuandikwa "alizeti tupu" na kuwa na rangi nzuri, lakini maabara itaonyesha kuwa kuna kitu kimeongezwa.

Je, namba kubwa maana yake ni mafuta bora?

Jibu ni ndiyo kwa upande mmoja na hapana kwa upande mwingine.

Tuanze na ndiyo. Mtu anapopunguza mafuta yaliyoshiba na kutumia yasiyoshiba mahali pake, lehemu mbaya katika damu hupungua, na hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua pia. Shirika la Afya Duniani linashauri kuwa, kwa watu wazima na watoto kuanzia miaka 2, mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote inayotokana na chakula. Zaidi ya hapo, kuna asidi mbili za mafuta yasiyoshiba ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Moja ni ya kundi la omega-6, ambayo alizeti na ufuta vina nyingi. Nyingine ni ya kundi la omega-3, ambayo hupatikana kwenye soya. Samaki na dagaa nao hutoa omega-3 za aina nyingine ambazo ubongo na macho ya mtoto huzihitaji anapokua.

Sasa hapana. Zile nafasi zinazopokea iodini maabarani ndizo zinazofanya mafuta yawe dhaifu mbele ya hewa. Oksijeni ya hewani hushambulia minyororo karibu na vifungo maradufu hivyo hivyo. Kadiri vifungo vinavyokuwa vingi, ndivyo mafuta yanavyochacha upesi. Mwanga, moto na masalia ya mafuta ya zamani huharakisha kazi hiyo. Mafuta yaliyochacha hutoa harufu kali kama ya karanga za siku nyingi, hupoteza vitamini, na hutengeneza kemikali ambazo si nzuri kwa mwili.

Ndiyo maana mafuta ya alizeti yaliyokaa juani wiki nzima kwenye chupa nyeupe kando ya barabara kuu ya Mikumi si lazima yawe bora kuliko mawese mapya yaliyotunzwa kivulini. Namba ya iodini inakueleza mafuta yalizaliwa na nini. Yalivyotunzwa baada ya hapo ni habari nyingine.

Kuna jambo jingine la kujua. Viwandani, mafuta ya maji yanaweza kuongezewa haidrojeni ili yagande. Nafasi zinajazwa, na namba ya iodini inashuka. Kazi hiyo ikifanywa nusu nusu, minyororo mingine inabaki na vifungo maradufu lakini inanyooka. Hayo huitwa mafuta ya transi, na ni mabaya kwa moyo kuliko hata mafuta yaliyoshiba. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote kuyaondoa kwenye vyakula vya viwandani. Ukinunua mafuta ya kuganda au siagi ya mimea, soma kibandiko. Ukiona neno "hydrogenated", chagua kitu kingine ukiweza.

Namba ya iodini si madini joto

Hapa wengi huchanganya, kwa sababu iodini na madini joto ni kitu kimoja kwa majina mawili. Mafuta yenye namba ya iodini 130 hayana iodini ndani yake. Yana nafasi za kuipokea tu, na nafasi hizo hujazwa maabarani, si mwilini mwa mtoto.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wanapata madini joto hasa kutoka kwenye chumvi iliyoongezwa madini hayo. Upungufu wake husababisha rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, na kwa mtoto aliye tumboni unaweza kudhuru ukuaji wa ubongo. Endelea kununua chumvi yenye madini joto, itunze kwenye chombo chenye mfuniko, na usiiache juani.

Hata hivyo, kuna wakati kemia hii ya mafuta ilitumika kuokoa watoto wa Tanzania. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi miaka ya 1990, kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, wilaya zilizokuwa na upungufu mkubwa ziligawiwa vidonge vya mafuta yaliyounganishwa na iodini. Iodini ilikuwa imefungwa kwenye mafuta kwa njia inayofanana na ile ya maabarani, na mwili uliitoa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Vile vilikuwa vidonge vilivyotengenezwa maalumu kwa tiba. Mafuta ya kupikia hayafanyi kazi hiyo.

Mambo ambayo namba hii haioni

Mafuta yanaweza kuwa na namba nzuri ya iodini na bado yakawa hayafai. Namba hii haikuambii:

- *Kama mafuta yamechacha.* Kwa hilo maabara hutumia vipimo vingine, cha peroksaidi na cha asidi. Codex inataka kipimo cha peroksaidi kisizidi 10 kwa mafuta yaliyosafishwa kiwandani na 15 kwa yaliyokamuliwa bila kusafishwa.
- *Kama yana vitamini A.* Kanuni za Tanzania za kuongeza virutubishi kwenye chakula zinawataka wazalishaji wa mafuta ya kula kuongeza vitamini A. Mashine ndogo ya kukamua mtaani kwa kawaida haiongezi.
- *Kama yana sumukuvu.* Karanga au alizeti zenye ukungu zinaweza kuwa na sumu hii. Kuchuja mafuta kwa kitambaa hakuiondoi.

Kwa upande wa pili, mafuta yenye namba ndogo yanaweza kuwa na faida yake. Mawese mekundu yasiyosafishwa, kama yanayotoka Kigoma, yana namba ya 50 na kitu, lakini rangi yake nyekundu inatokana na kirutubishi ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A. Usiyachome mpaka yawe meupe, maana ukiondoa rangi umeondoa na faida.

Ufanye nini jikoni?

*Unaponunua*

- Nunua kiasi utakachomaliza ndani ya wiki mbili hadi nne. Chupa kubwa si akiba ikiwa nusu yake itachacha.
- Ukiweza, chagua mafuta yenye kibandiko kinachoonyesha aina ya mafuta, tarehe, alama ya ubora ya TBS na kuwa yameongezwa vitamini A.
- Ukinunua ya kupimiwa, muulize muuza duka ni mafuta ya nini na dumu lilifunguliwa lini. Yanuse kabla hujalipa.
- Epuka chupa zilizopangwa juani, hata kama bei ni nafuu.
- Tumia chupa yako safi na kavu. Usitumie kamwe chombo kilichowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya shamba.

*Unapokamua mwenyewe*

- Kausha mbegu vizuri na utoe zote zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi.
- Acha mafuta yatulie siku kadhaa kwenye chombo chenye mfuniko, kisha mimina yale safi ya juu na uache machicha chini.
- Gawa kwenye vyombo vidogo vilivyojaa hadi juu. Hewa kidogo ndani ya chupa ni uharibifu kidogo.

*Unapotunza*

- Weka mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko na dirisha. Kama chupa ni nyeupe, ifunge kwa khanga kuukuu au iweke ndani ya boksi.
- Funga kifuniko mara tu unapomaliza kumimina.
- Usimimine mafuta mapya juu ya ya zamani. Masalia yaliyochacha huharibu na yale mapya. Osha chupa kwa sabuni na uikaushe kabisa kwanza.

*Unapopika*

- Moto wa wastani unatosha. Mafuta yakianza kutoa moshi, yanaharibika.
- Kwa mboga, maharage na uji, alizeti na ufuta ni chaguo zuri. Kwa kukaanga ndani ya mafuta mengi, mafuta yenye namba ndogo kama mawese huvumilia moto zaidi. Lakini punguza mapishi ya aina hiyo nyumbani.
- Mafuta yaliyokaangia mandazi au samaki, ni bora usiyarudie. Ikibidi, yachuje yakipoa, yafunike, na yatumie mara moja au mbili tu ndani ya siku chache.
- Yamwage yakiwa meusi, mazito, yenye povu jingi, yanayonata, au yanayotoa moshi mapema. Mafuta ya namna hiyo yakipimwa, namba yake ya iodini huwa imeshuka, kwa sababu vifungo maradufu vimeharibiwa na moto.

Kama unauza chipsi, vitumbua au mihogo kituoni, ushauri huu unakuhusu mara mbili. Watoto wa wenzako wanakula hapo, na mara nyingi wa kwako pia.

Mafuta kwa mtoto kulingana na umri

*Tangu kuzaliwa hadi miezi 6.* Mpe maziwa ya mama peke yake. Usimpe mafuta wala samli ya kulamba. Karibu nusu ya nguvu iliyo kwenye maziwa ya mama hutokana na mafuta, kwa hiyo hajapungukiwa. Aina ya mafuta unayokula wewe huathiri aina ya mafuta yaliyo kwenye maziwa yako, kwa hiyo dagaa, karanga, na mboga zilizopikwa kwa alizeti au ufuta humfikia na yeye.

*Miezi 6 hadi 23.* Endelea kunyonyesha. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bakuli lake la uji mzito au chakula kilichopondwa. Kijiko hicho kina nguvu ya karibu kilokalori 40. Tumbo la mtoto ni dogo, na mafuta humpa nguvu bila kulijaza. Pia husaidia mwili wake kupokea vitamini A iliyo kwenye mchicha, matembele, boga na karoti. Kama uji tayari una karanga za kutosha, mafuta yanaweza kupungua.

*Miaka 2 hadi 5.* Anakula chakula cha familia. Mboga iungwe kwa mafuta kiasi, lakini vyakula vya kukaangwa visiwe vya kila siku. Tui la nazi linaweza kubaki kwenye wali na samaki mara moja moja. Cha muhimu ni kubadilisha, lisiwe ndilo mafuta pekee ya nyumba.

Hakikisha pia mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapata matone ya vitamini A kliniki au kwenye kampeni za Juni na Desemba, hata kama unatumia mafuta yaliyoongezwa vitamini hiyo.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Siwezi kununua alizeti. Nimetumia mawese ya kupimiwa miaka yote. Nimemdhuru mwanangu?*
Hapana. Mtoto mdogo asiyepata mafuta kabisa yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayepata mawese. Yatunze vizuri, usiyarudie rudie motoni, na umpe karanga, ufuta au dagaa mara kwa mara. Humo atapata mafuta yasiyoshiba bila wewe kununua chupa nyingine.

*Nawezaje kujua nyumbani kama alizeti yangu imechanganywa?*
Huwezi kuwa na uhakika bila maabara. Mafuta yanayoganda kwa urahisi asubuhi ya baridi yanaweza kukutia shaka, lakini si ushahidi. Ukiwa na shaka kubwa, toa taarifa kwa afisa afya wa kata au TBS, na uhifadhi chupa na kibandiko chake.

*Mafuta yangu yana harufu kidogo tu. Nikiyachemsha na kitunguu harufu inaisha. Je, yanafaa?*
Hapana. Kitunguu hufunika harufu, hakirudishi mafuta yaliyoharibika. Usimpe mtoto. Najua inauma kumwaga kitu ulichokilipia, ndiyo maana kununua kidogo kidogo ni nafuu zaidi mwishoni.

Lini umwone mhudumu wa afya?

Nenda kituo cha afya au zungumza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kama mtoto haongezeki uzito, amevimba miguu, haoni vizuri jioni, au anaharisha mara kwa mara. Nenda haraka kama anatapika sana baada ya kula, au amekunywa mafuta ya taa au dawa yoyote. Aliyekunywa mafuta ya taa usimtapishe. Mpeleke mara moja, na ubebe chupa aliyonywea.

Na kijana wako akirudi tena na namba za maabara, mpongeze, kwa kuwa amepima kitu cha kweli. Kisha mpe chupa ya mafuta na umwambie akaitafutie mahali penye kivuli.